Naomba ushauri: GraphQL ya kujizalisha juu ya kanzidata ya zamani

Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini, natunza mfumo wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kanzidata ni PostgreSQL, nimeirithi kwa aliyenitangulia. Makarani wanataka programu ya simu ya kupokelea mzigo ghalani, na msimu unakaribia.

Badala ya kuandika API yote (njia ya programu ya simu kufikia kanzidata) kwa mkono, nimejaribu Hasura, zana inayojitengenezea API ya GraphQL, yaani lugha ya kuulizia data. Inasoma majedwali yenyewe, na baada ya muda mfupi unaanza kuuliza data. Nilifurahi sana, mpaka nilipofungua jedwali la wakulima: namba za simu na akaunti za benki za watu wote hizo hapo. Kweli nilikuwa nimeingia kama admini, lakini moyo ulishtuka. Wakulima wametuamini.

Najua ruhusa zinawekwa kwa kila jukumu, karani aone mistari ya ghala lake tu. Shida ni majedwali zaidi ya 60, mengi hayana funguo za kuyaunganisha. Stakabadhi inamtaja mkulima kwa jina tu: huku "Hamisi", kule "Khamis", mtu yuleyule. Bila funguo, Hasura haiwezi kunibunia uhusiano huo.

Mliopita njia hii, nitengeneze viyu safi (views, yaani majedwali ya kuangalia yanayoonyesha data niliyochagua tu) niruhusu hizo tu? Au nitumie PostGraphile, zana nyingine ya aina ya Hasura, ulinzi wa mistari ukae ndani ya Postgres yenyewe? Mimi naelemea kwenye viyu. Na maswali yanayochimba ngazi nyingi mnayawekea kikomo gani? Seva yetu ina RAM GB 4 tu.