Korona ilinizoesha kukimbia polepole, sasa kundi linaniambia napotea. Nishaurini

Fundi_wa_Ganjoni:
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi wa friji hapa Mombasa, mbio nakimbia kwa mapenzi tu. Kabla ya korona tulikuwa na kundi, na kila Jumamosi ilikuwa ni kufukuzana mpaka mtu atapike. Machi 2020 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kundi likavunjika. Nikabakiwa na ule muda mfupi kati ya kafyu kuisha na jua kupanda. Kwa joto letu la pwani, ukishapitwa na hapo basi tena.

Nikawa natoka Ganjoni nazunguka Kizingo, peke yangu. Barakoa lazima, na ikilowa jasho inakunata mdomoni kila ukivuta pumzi. Ikabidi niende mwendo ambao naweza kumwitikia soja wa getini salamu yake yote bila kuhema. Mwanzo niliona ni kupoteza muda. Miezi ikaenda, maumivu ya muundi wa kulia yakaisha, na nikawa nakimbia kwa muda wa saa mbili asubuhi ile, mchana napanda ngazi na mtungi wa gesi begani kama kawaida. Mashindano yenyewe hayakuwepo, nikimbilie wapi?

Sasa kafyu imeondolewa tangu tarehe 20 Oktoba 2021, kundi limerudi, na mimi nimeamua kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi mwisho wa Februari. Wenzangu wanasema mwendo wangu ni wa kusindikiza jeneza, eti bila wao nitaishia njiani. Juzi nimeenda nao, muundi umeanza tena. Nirudi kundini au niendelee kivyangu? Na waliowahi kukimbia Moshi, nipeni habari zake.

Chapa_Lapa:
Kakangu, rudi kundini. Mazoezi ya peke yako yanakudanganya kwa sababu hakuna wa kukupima. Mtazame Kipchoge: 2020 kambi yake ya mazoezi ya Kaptagat ikafungwa, akakaa miezi akikimbia mwenyewe. Oktoba akaenda London akawa wa 8, saa 2:06:49. Mtu ambaye hakuwa amepoteza marathoni tangu Berlin 2013! Kama yeye kundi linamsaidia, wewe ni nani?

Bi_Kasi:
@Chapa_Lapa usitupige changa la macho. Kipchoge mwenyewe alisema sikio liliziba katikati ya mbio. Siku ile ilikuwa mvua na baridi, na walikuwa wanazungushwa bustani moja ya St James's Park bila watazamaji. Halafu Shura Kitata aliyeshinda kwa 2:05:41, unadhani huko Ethiopia yeye hakuguswa na korona? Mbio moja mbaya haithibitishi kitu.

Fundi, kundi si baya, ila kundi linaloshindana kila Jumamosi si mazoezi, ni mashindano yasiyo na medali. Nenda nao siku moja moja, na siku hiyo ukae nyuma. Wakikucheka, waache wacheke.

Chapa_Lapa:
@Bi_Kasi sawa mama, lakini kukaa nyuma kunataka moyo. Wanaume wa Mombasa hawauwezi huo 😂

Nesi_Mbio:
Mimi naanza na huo muundi. Pitisha kidole juu ya mfupa polepole. Maumivu yakiwa yametapakaa eneo refu, mara nyingi ni mfupa na misuli kuzidiwa na kazi: punguza kilomita, acha mwendo wa kasi, angalia viatu. Ila ukipata sehemu moja ndogo ambayo ukibonyeza unaruka, usikimbie tena hata hatua, nenda hospitali, huenda mfupa una ufa. Ufa ukiukimbilia unaweza kuwa mvunjiko kamili.

La pili, uliwahi kuugua korona? Mwaka huu wa 2021 madaktari wamekuwa wakishauri usirudi mazoezini mpaka upitishe angalau siku 7 bila dalili yoyote, kisha uanze kwa kutembea na mazoezi mepesi wiki 2. Ukisikia kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu au kizunguzungu, simama na umwone daktari. Virusi hivi vinaweza kuacha uvimbe kwenye msuli wa moyo.

Fundi_wa_Ganjoni:
Shukrani dada. Korona sikuwahi kuambiwa ninayo, mafua niliyapata lakini sikupimwa. Kidole nimepitisha, ni eneo refu, hakuna pa kuruka.

Mzee_wa_Kiboriloni:
Karibu Moshi mkuu. Hawa wamekupeleka London, wewe unakuja Mweka, kwenye miinuko ya Kilimanjaro. Kilomita 42 zetu zinaanza kwa upole: mnashika barabara ya Dar, mnageuza, mnarudi mjini. Mguu ukishachoka ndipo mnapandishwa Mweka, na kupanda kwenyewe ni kilomita nyingi mfululizo. Kila mwaka nasimama pale juu na ndoo ya maji, na wanaoishia kukaa chini migombani ni wale wale waliotoka mjini kwa sifa. Mwendo wako wa barakoa ndio wa pale.

Ila Mombasa ni tambarare, na hapo ndipo naona tatizo lako, wala si kundi. Kushuka Mweka kunavunja mapaja kuliko kupanda. Tafuta mlima wa kweli.

Bi_Kasi:
Daraja la Nyali halihesabiki. Panda matatu hadi Kombani, ukimbie kupanda Kwale na kushuka. Anza mapema kabla malori ya mchanga hayajajaa.

Fundi_wa_Ganjoni:
Kwale nitakwenda Jumapili hii. Jumamosi nitawaambia wana kundi nakaa nyuma, tuone. Mzee, nikitoka huku nipitie Taveta?

Mzee_wa_Kiboriloni:
Ndiyo, Taveta mpaka Holili, halafu basi dogo hadi mjini. Ulizia masharti ya mpakani kabla hujakata tiketi, maana hubadilika. Na njoo Alhamisi, Ijumaa vyumba vya kulala huwa vimekwisha.