Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kuacha dawa ya mesalazini atumie vidonge vya bakteria

DadaMkubwa: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 26, mwaka jana alikua anapata choo cha damu mara nane kwa siku, tukahangaika na dawa za amiba miezi kibao mpaka alipopimwa kwa kamera ndo wakasema ni alsaretivu kolaitisi, utumbo mpana umevimba una vidonda. Kaanza mesalazini damu ikakata. Sasa kuna mtu anamuuzia kopo laki na nusu eti bakteria wazuri wanatibu kabisa, na dogo anataka aache dawa. Silali jamani. Hao bakteria wanafanya kazi kweli?

MtuWaMaabara: Asiache dawa dada. Ila bakteria sio uongo mtupu. Vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1917, daktari Mjerumani Alfred Nissle alipata bakteria aina ya ikolai kwenye choo cha askari ambae hakuharisha wakati wenzake wanaugua, na huyo ikolai anatumika mpaka leo. Mwaka 2004 walitoa matokeo ya wagonjwa 327 wa kolaitisi, wengine walipewa huyo bakteria wengine mesalazini mwaka mzima, waliorudiwa na ugonjwa wakawa karibu sawa. Lakini ni huyo huyo tu, na kwa watu walioshatulia. Kopo la dogo limeandikwa bakteria gani?

MamaWawili: Mi nina krons, ugonjwa mwingine wa utumbo kuvimba, niliacha dawa mwezi mmoja tu kwa maneno kama hayo, nikalazwa nikaongezewa damu. Kwa krons hao bakteria hawajaonesha kusaidia. Mshike huyo mtoto dada yangu.

Kijana_Moro: Na mtindi je?

MtuWaMaabara: Mtindi ni chakula kizuri kama haumsumbui, ila bakteria wake wengi wanapita tu. Wanaoahidi zaidi ni wale wetu wenyewe wa tumboni, wanakula nyuzinyuzi wanatoa biutireti ambayo ndo chakula cha seli za utumbo mpana. Wapo wanaoitwa Faecalibacterium, wagonjwa wa krons wengi wanao wachache, shida oksijeni inawaua, kuwatia kwenye kopo sio mchezo. Na kama dogo yuko kwenye prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, daktari ajue kwanza, kinga ikishuka hata bakteria mzuri anaweza kudhuru.

DadaMkubwa: Asanteni sana. Nimeangalia, kopo limeandikwa "bakteria bilioni 10" basi, jina hakuna. Nimemsomea dogo ya MamaWawili akakaa kimya, kidonge cha jioni kameza. Alhamisi naenda nae kliniki.