Babangu hawezi kulala chali akiinua mikono: atatibiwaje mapafu kwa mionzi?

Binti wa Likoni:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Babangu ana umri wa miaka 68. Alikuwa na kikohozi ambacho sisi nyumbani tulikidhania kuwa ni kifua kikuu, hata alipopigwa picha na sampuli ya uvimbe ikapimwa ndipo tukaambiwa kuwa ni saratani ya mapafu, na kwamba uvimbe wenyewe uko sehemu ya chini ya pafu la kulia. Daktari amempangia tiba ya mionzi ya vikao 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6. Jumanne ijayo ndiyo siku ya kupigwa skani ya vipimo na kuwekwa alama mwilini.

Tumeelezwa kwamba atalazwa chali, mikono ikiwa juu ya kichwa, wala asijitikise. Lakini bega lake la kushoto liliumia zamani alipokuwa akipakua mizigo bandarini Kilindini, na mpaka leo haliinuki kupita sikio. Tena usiku hulalia mito mitatu, kwa sababu akilala sawasawa na godoro kikohozi humshika. Amenikataza kumwambia daktari habari hizi, kwani anaogopa ataonekana hafai kutibiwa. Badala yake, tangu aliposikia kwamba wagonjwa wengine huambiwa washike pumzi, amekuwa akijizoeza kila alfajiri. Ujanani alikuwa mpiga mbizi hodari, na sasa hujilazimisha kubana pumzi mpaka macho yanamwiva. Inaniuma kumtazama. Je, mazoezi hayo yana faida yoyote? Na mtu asiyeweza mkao huo hutibiwaje?

Mhudumu wa Mionzi, Tudor:

Wa aleikum salaam, dada yangu. Mpe mzee pole, na umwombe aache kubana pumzi kwa nguvu namna hiyo. Tunachokitafuta chumbani mwa mionzi ni pumzi inayofanana, ya leo kama ya jana, hata ikiwa fupi.

Uvimbe wa pafu hausimami mahali pamoja. Mtu akivuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, na pafu hushuka nacho. Uvimbe ulio juu karibu na bega husogea kidogo tu, ilhali ule wa chini, kama wa mzee, huweza kupanda na kushuka sentimita 1 au 2, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Tusipoujua mwendo huo, ama mionzi itakosa sehemu ya uvimbe, ama itatubidi tupanue eneo linalolengwa. Na kila tunapolipanua, nyama ya pafu isiyo na ugonjwa hupata dozi isiyoihitaji, na miezi michache baadaye huweza kuvimba ikamletea mgonjwa kikohozi na kukosa pumzi. Kwa hiyo siku ya vipimo skani huchukuliwa mgonjwa akipumua kwa kawaida yake, huku kifaa kidogo kilichowekwa juu ya tumbo, au mkanda uliofungwa kiwiliwilini, kikifuatisha kupanda na kushuka kwa pumzi. Kisha kompyuta huzipanga picha kwa hatua za pumzi, mara nyingi hatua 10, nasi tukaona uvimbe unatoka wapi na kufika wapi. Mwongozo wa chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, uliotolewa mwaka 2006, unashauri njia za kudhibiti mwendo zifikiriwe uvimbe unaposogea zaidi ya milimita 5.

Njia zenyewe ni kadhaa, na kila moja humgharimu mgonjwa kwa namna yake. Wengine hushika pumzi kwa sekunde 15 au 20, wakapumzika, wakarudia. Mwenye mapafu dhaifu haiwezi njia hii na wala halazimishwi. Wengine hubanwa kwa kibao chini ya mbavu ili kiwambo kisishuke sana, jambo linalovumilika kwa mtu ambaye hakula akashiba. Kwa wengine mashine huwaka pumzi inapofika mahali fulani tu na kuzima inapopita. Hao hupumua watakavyo, lakini kikao hurefuka, na mtu aliyelala muda mrefu juu ya kitanda kigumu huchoka, misuli yake ikalegea na mwili ukateleza kidogo kidogo bila yeye kujua. Ndiyo maana mimi siihesabu raha ya mgonjwa kuwa hisani. Mtu anayeumwa au anayeogopa hupumua haraka na juu juu, akikaza mabega. Na ikiwa alipimwa katika hali hiyo, siku ya tano atakapokuwa ametulia tutakuta uvimbe umehama pale tulipoupima.

Hapo ndipo panaponitia wasiwasi kuhusu kulificha bega. Mkao utakaochaguliwa Jumanne ndio atakaolala nao vikao vyote 30. Mkisema mapema, mikono huweza kuegemezwa kwenye viegemeo vya chini zaidi, au ukainuliwa mmoja, au yote miwili ikateremshwa kando ya mwili na mionzi ikapangwa kupita pembe zinazoikwepa. Kichwa na kifua navyo huweza kuinuliwa kwa ubao wenye mwinamo, kadiri tundu la mashine ya skani linavyoruhusu. Chini ya mgongo huwekwa mfuko wenye punje ndogo ambao ukifyonzwa hewa hukauka kwa umbo la mwili wake, nao huhifadhiwa kwa ajili yake peke yake mpaka mwisho wa tiba. Sijapata kuona mgonjwa akinyimwa tiba kwa sababu ya bega.

Mke wa Kisauni:

Dada, nakuandikia kwa kuwa sisi tulifanya kosa hilo hilo. Mume wangu siku ya vipimo aliuma meno akanyamaza, na wahudumu wakaamini kwamba mkao unamfaa. Wiki ya pili hakuweza tena. Picha zinazochukuliwa kabla ya mionzi zikawa hazilingani na zile za mwanzo, akawa anasogezwa huku na huku, na mwisho ikabidi apimwe upya na mpango ufanywe upya, siku nne zikapita bila tiba. Hakuna aliyemlaumu, yeye mwenyewe ndiye aliyelia.

Baada ya hapo daktari alituelekeza kwamba dawa ya maumivu aimeze saa moja kabla ya zamu yake, nasi tukawa tunatoka nyumbani mapema ili foleni ya daraja la Nyali isitufikishe na dawa imeshapungua nguvu. Ninyi mna feri, na nadhani ni vigumu zaidi. Tafadhali usimkimbize mzee kwenye ule mwinuko wa kivukoni, kwani atafika akihema. Fikeni nusu saa kabla, aketi, pumzi imrudie. Chumba cha mashine kina baridi sana kwa sisi tuliozoea joto la Mombasa, kwa hiyo waombe wamfunike miguu kwa shuka, asije akatetemeka. Na alama za wino zitafutika kwa jasho msipoangalia: aoge bila kuzisugua kwa dodoki, na zikififia msizichore wenyewe, bali muwaambie wahudumu.

Binti wa Likoni:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea babangu majibu yenu yote usiku huu, akanyamaza kitambo, kisha akaniruhusu niseme habari ya bega. Amebaki na swali moja, nalo ndilo linalomnyima usingizi: akishikwa na kikohozi mashine ikiwa inawaka, naye yuko peke yake chumbani, itakuwaje?

Mhudumu wa Mionzi, Tudor:

Mwambie kwamba mlango hufungwa lakini macho yetu hayamwachi. Tunamtazama kwa kamera na tunamsikia kwa kipaza sauti muda wote. Akihisi kikohozi kinakuja, aseme au apunge mkono kama atakavyoelekezwa, nasi tutazima mionzi papo hapo na kuingia. Atakohoa, atakunywa maji, atalazwa tena na kupigwa picha ya kuhakikisha mkao, kisha tutaendelea kuanzia pale tulipoachia, kwa kuwa mashine huhesabu dozi iliyokwisha kutolewa. Kikao kizima kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 20, na sehemu kubwa ya muda huo ni kumweka sawa na kupiga picha. Mionzi yenyewe ni ya dakika chache. Pia muulizeni daktari kama anafaa kupewa dawa ya kutuliza kikohozi kabla ya kikao.

Na kwa kuwa anapenda kujizoeza, alale chali kwa mto wa chini kabisa anaouweza, apumue kama anavyopumua akiwa amekaa barazani, nawe uangalie ni dakika ya ngapi kikohozi kinapoanza. Fanyeni hivyo siku tatu, mwandike idadi hizo, mzipeleke Jumanne pamoja na habari ya bega.