Mrejesho: Miezi saba ya mafunzo ya uimbaji wa kiklasiki

Ndugu zangu, mwezi Machi niliwaeleza kwamba huimba teno (sauti ya juu ya wanaume) katika kwaya ya kanisa huku Nairobi, na kwamba kila Jumapili, ifikapo ibada ya pili, sauti hunikauka na noti za juu hunishinda. Wengi mlinishauri nitafute mwalimu wa uimbaji wa kiklasiki, nami nikafanya hivyo. Nawashukuru kwa dhati.

Kwa majuma matatu mwalimu hakunipa wimbo wowote. Alinilaza chali sakafuni, akaniwekea kitabu tumboni, nacho kilipaswa kuinuka ninapovuta pumzi na kushuka polepole ninapotoa mlio wa "sss". Nilianza na sekunde 14; sasa nafika 35. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikipandisha mabega na kuisukuma sauti kwa koo, ilhali mapokeo ya Kiitaliano ya uimbaji hufundisha kwamba mbavu zibaki zimepanuka ili kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kirudi juu taratibu na hewa isiishe yote mara moja.

Kilichonifurahisha mno ni irabu. Mazoezi yetu ni ya Kiitaliano, na irabu zake safi zinakaribiana sana na a, e, i, o, u zetu, kwa hiyo kinywa changu hakikuwa mgeni. Kasoro ilikuwa "i" katika noti za juu, niliyokuwa nikiibana kwa meno. Sasa naiimba taya likiwa limelegea.

Noti ya sol ya juu bado hunisumbua. Hata hivyo, Jumapili iliyopita niliimba ibada zote mbili, na jioni nikazungumza na mama kwa simu bila sauti kukwaruza.