Hivi kupiga dili ni kazi au ni wizi? Mimi naona tunawapamba wezi

Wakuu habari za jioni, leo naomba tujadili bila matusi. Hili neno dili kwa Waingereza ni makubaliano ya biashara tu, nakupa hiki unanipa kile tumemalizana, ila lilivyofika kwetu limeota mikono.

Juzi alfajiri fundi rangi wa mtaani kwetu ananipigia, "kaka nimepata dili Tegeta, niazime ngazi yako". Dili lenyewe vyumba viwili na korido, laki na ishirini, hapo ni jasho la mtu kabisa. Jioni yake nimekaa kijiweni wanasimulia mtunza stoo wa ofisi fulani, kasaini kapokea katoni 40 za karatasi wakati kwenye gari zimeshuka 25, hela ya zile 15 wamegawana na aliyeleta mzigo. Unajua walisemaje? "Jamaa kapiga dili la maana." Na wanacheka, mwingine anauliza eti siku hizi anakunywa baa gani.

Sasa huyu na fundi wangu wanaingiaje kwenye neno moja? Angeiba kuku hapa mtaani tungemwita mwizi na vijana wangeshaanza kutafuta tairi, ila aliyekula hela ya umma eti kapiga dili. Naomba magazeti na sisi wenyewe tuache, wizi uitwe wizi, maana hata ile sheria ya rushwa ya 2007 haina kosa linaloitwa kupiga dili.

—

Mleta mada unalionea neno bure. Magufuli kaingia 2015, si ndo "wapiga dili" likawa tusi kabisa, mtu akitajwa hivyo halali? Neno linamfata anayelisema. Afu mimi niko Njombe, huku parachichi ni dili, zamani zilikuwa zinaozea chini ya mti hakuna wa kuziokota, sasa hivi mtu analinda shamba usiku. Na mwanangu nikimwambia avae sweta ananijibu "baba sweta sio dili". Hayo yote nayo unayafuta?

—

Nachangia kutoka Mombasa. Dili hata huku twalisema, lakini askari wa barabarani akikusimamisha hasemi dili, atataka kitu kidogo, au chai. Mkilitoa hilo litakuja jingine ndugu zangu. Mie chai nanywa kila siku na sijaacha kuiita chai kwa sababu yake yule askari.

—

Huyo wa Mombasa kasema kweli. Mmesahau 2008 waziri wetu Chenge kaulizwa hela zake za benki ya nje akasema ni vijisenti? Kiswahili kina sofa za kutosha za kumkalisha mwizi.

—

Mkuu wa Njombe nimekuelewa, ngoja nijirekebishe kidogo. Kumbe ugomvi wangu sio na dili, ni na hiyo "kupiga". Mtu anapata dili, halali. Dili limebuma, ni biashara tu imekataa. Ila akishapiga hapo ujanja umeingia, kama kupiga hela, na siku hizi wameshalidondosha hata dili lenyewe wanasema upigaji, bunge zima linaongelea upigaji utadhani ni ngoma. Hapo ndo sikubali, maana upigaji hauna aliyeibiwa. Zile katoni 15 si kuna mtoto angeandikia?

—

Mi ndo fundi jamani, sio wa Tegeta, nafunga madirisha ya aluminiamu. Zamani nilikuwa namwambia mteja "bosi tumalizane, hili dili nimelikubali" tunacheka anatoa advansi. Mwaka jana mama mmoja kanisikia nasema hivyo kwenye simu, akaenda kuyahesabu upya madirisha yake yote, moja moja, na yalikuwa sawa. Siku hizi nasema kazi.