MREJESHO: Kompyuta ya skrini ya bluu, tatizo lilikuwa RAM

Wakuu, ile kompyuta ya steshenari yetu hapa Moshi, iliyokuwa inaleta skrini ya bluu (Windows inagoma ghafla na kuonyesha ujumbe wa kosa), leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho ujumbe mwingine kabisa, hata baada ya kupigwa Windows upya, imepona. Asante mliosema nipime RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta).

Niliwasha MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi, makosa mekundu yakamiminika. Nikapima RAM mojamoja kwenye sloti ileile: moja safi, nyingine mbovu. Ile mbovu nikaihamishia sloti ya pili, bado makosa, basi madabodi (bodi kuu yenye sloti hizo) haina shida. Na kuna fundi alishataka kuniuzia diski mpya, jamani!

Nimeweka RAM nyingine ya aina ya DDR3 (ya aina ya DDR4 haiingii humo, msidanganywe). Imepimwa usiku kucha, kosa hata moja hakuna. Wateja wanachapa.