Kaboni ya mkaa inarudi mtini. Ya gesi je?

Mchoma Mkaa Handeni: Wakuu, tangu 31 Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa, na ifikapo 2034 Tanzania inataka asilimia 80 yetu tupikie nishati safi. Kwa ajili ya macho na mapafu, nakubali. Kuambiwa naharibu hali ya hewa, sikubali. Mti umekula hewa ukaa, ile gesi yenye kaboni, angani. Ukiungua inarudi huko huko, mti mwingine unaila. Gesi ya mtungi imetolewa chini ya ardhi ilikolala mamilioni ya miaka. Nani anaongeza kaboni mpya?

Binti Ruvu: Hesabu yako inasimama mti ukirudi. Ukishakata mti, ufuta ukapandwa pale, nani ataila hiyo hewa? Halafu tanuri la udongo la kuchomea mkaa linanyimwa hewa makusudi, kwa hiyo linatoa gesi ya methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Wapishi wa mkaa hawabadiliki kwa uvivu tu.

Mama Lishe Tandika: Uvivu? Naamka saa tisa usiku kukoka moto, wewe umelala! Mkaa nanunua kopo moja na biashara inaenda. Gesi inataka hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Maharage yangu yanakaa jikoni saa tatu, huo mtungi utafika Ijumaa?

Kaka Mbezi: Mama, yaloweke usiku. Saa moja yameiva.

Mama Lishe Tandika: Ya kulowekwa yanapasuka maganda na mchuzi unakuwa maji. Wateja wangu ni mafundi, wanajua maharage.

Msukuma Halisi: Nasimama na mama. Maharage ya soya ndiyo ya kulowekwa, ya njano hapana.

Kaka Mbezi: Njano ndiyo yanayoiva upesi! Umewahi kupika wewe?

Mzee wa Longido: Mnagombana maharage na Oldoinyo Lengai uko hapa, lava yake yenyewe ni kaboneti, yaani madini yenye kaboni, duniani hakuna volkano nyingine hai ya namna hiyo. Mlima ule nao unatoa kaboni, mbona hamuusemi?

Binti Ruvu: Mzee wangu, shikamoo. Volkano zote za dunia zikijumlishwa hazifiki asilimia moja ya hewa ukaa tunayotoa binadamu. Na mama, neno uvivu nimelifuta. Nisamehe.

Mama Lishe Tandika: Limefutika. La maharage bado.

Mchoma Mkaa Handeni: Turudi kwangu. Mti wa msitu wa miombo ukikatwa bila kung'olewa kisiki, unachipua wenyewe. Vijiji vya Kilosa walipanga vitalu vya kuvuna kwa zamu ya miaka 24. Kwa nini isiwe hivyo kila mahali, badala ya kutufukuza?

Binti Ruvu: Miaka 24 moto usipite, ng'ombe wasile machipukizi, na mwenyekiti asiuze eneo. Kijijini kwenu nani analinda?

Mchoma Mkaa Handeni: Sisi wenyewe, tukipewa hati ya msitu. Tumeomba, hatujajibiwa.

Msukuma Halisi: Nimeuliza nyumbani. Njano wanaloweka.